Uzi: Daftari la mapishi na mstari wa ubatizo kutoka Hungaria, tunavisomaje?

#1 Kurasa_Kuukuu

Salaam wakuu. Kuna karatasi mbili za upande wa Kihungari wa ukoo, na wajukuu wanaozungumza Kiswahili nyumbani wanataka kuzielewa kabla wino haujafifia kabisa. Majina nimeyabadili, mengine nimenakili herufi kwa herufi.

Ya kwanza ni ukurasa wa daftari la mapishi:

*Marhapörkölt. 1 kg lábszár, 3 fej hagyma, 2 ek zsír, 2 púpos ek pirospaprika, 1 kk köménymag, 2 gerezd fokhagyma, só. Hozzá galuska: 40 dkg liszt, 2 tojás, víz amennyit felvesz.*

Chini yake pameandikwa *Szabó Jánosné, Nagyvárad*, na pembeni kwa penseli *hús 2 pengő*.

Ya pili ni mstari mmoja wa rejista ya kanisa, wa zamani zaidi:

*12. 7bris 1843. Stephanus. Joannes Szabo colonus, Catharina Toth. RC. Ujfalu.*

Maswali: vipimo vinasomwaje, huyu Jánosné ni nani hasa, Ujfalu iko wapi, na tukishajua hayo tunaendelea wapi?

#2 Bogracha_Moto

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo chakula huharibika kabla moto haujawashwa.

*dkg* ni dekagramu, yaani gramu 10. Kwa hiyo 40 dkg ni gramu 400. Nimeona watu wakiweka gramu 40 za unga halafu wanalaumu daftari la bibi. Hata leo ukiingia duka la Debrecen utasikia mtu anaagiza kwa "deka": *húsz deka* ni gramu 200. *dl* ni mililita 100. *ek* ni kijiko cha chakula. *kk* ni kijiko kidogo. Kwa kisibiti anza na nusu, utaongeza baadaye. *Púpos* maana yake kijiko kimejaa mpaka kina kilima. Kilichosawazishwa kwa kisu huitwa *csapott*. Tofauti ya hivyo viwili kwenye paprika ni karibu mara mbili.

*Fej* ni "kichwa". 3 fej hagyma ni vitunguu maji vitatu. Lakini ukikuta *1 fej fokhagyma* ni kitunguu saumu kizima, na *gerezd* ndiyo punje moja. Ukivichanganya hivyo viwili, nyumba nzima itanuka wiki mbili.

*Víz amennyit felvesz* ni "maji kadiri unga utakavyokubali". Bibi zetu nao wanaandika hivyohivyo: chumvi kiasi, maji kiasi. Usitafute tarakimu hapo, haipo.

*Zsír* bila neno lingine ni mafuta ya nguruwe. *Lábszár* ni nyama ya muundi ya ng'ombe. *Köménymag* ni kisibiti. Usiweke bizari nyembamba: Wahungari wanaiita "kömény ya Kirumi", na ukiitia unapata mchuzi wa kwetu, mtamu tu, ila si pörkölt (mchuzi mzito wa nyama na paprika, ndio wa ukurasa huu).

Daftari likiwa la kabla ya 1876 hutakuta kilo wala deka, maana Hungaria ilihamia kwenye mfumo wa metriki tarehe 1 Januari 1876. Hapo utakuta *font* (kama gramu 560), *lat* (sehemu ya 32 ya font, gramu 17.5), *icce* (karibu lita 0.85) na *meszely* ambayo ni nusu ya icce. Bibi wengine waliendelea kuandika hivyo miaka mingi baadaye, kwa hiyo kipimo peke yake hakitoshi kukupa tarehe.

#3 Rejista1895

Mstari wa ubatizo sasa. Rejista za Kikatoliki zilikuwa kwa Kilatini mpaka kwenye miaka ya 1840, Kihungari kikashika nafasi taratibu baada ya sheria ya lugha ya 1844. Kwa hiyo majina unayoyaona ni vazi la Kilatini tu, nyumbani hakuna aliyeitwa hivyo.

Stephanus = István. Joannes = János. Catharina = Katalin. Hayo mepesi. Yanayowapoteza watu ni haya: Adalbertus = Béla, Emericus = Imre, Ladislaus = László, Ludovicus = Lajos, Colomannus = Kálmán, Desiderius = Dezső, Gulielmus = Vilmos, Eugenius = Jenő. Ukitafuta "Béla" kwenye rejista ya 1830 hutampata mpaka kesho.

*7bris* SI mwezi wa saba. Ni Septemba, kutokana na *septem*, saba ya Kilatini. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Kwa hiyo mtoto alibatizwa 12 Septemba 1843. Kosa hili limejaa kwenye miti ya ukoo mtandaoni: mtu amezaliwa Septemba, kaandikwa Julai, halafu wanabishana kwa nini mama ana watoto wawili waliopishana miezi saba.

*Colonus* ni mkulima mwenye shamba chini ya bwana; *inquilinus* ni mwenye kibanda bila shamba la maana, kwa Kihungari *zsellér*. *Viduus* ni mjane mwanamume, *vidua* mwanamke, *coelebs* asiyeoa. *RC* ni Katoliki wa Roma. Hiyo RC iwekeeni alama, ina kazi kubwa baadaye.

Pia angalieni kama mwandishi ameandika tarehe moja au mbili. Ikiwa moja tu, kwa kawaida ni ya ubatizo. Mtoto alikuwa amezaliwa siku hiyohiyo, jana yake au juzi.

#4 MamaLecso

Bogracha umewapa vipimo hujawapa njia. Namna ya kuupika ukurasa ule ni hii, watu 5 au 6.

Vitunguu 3 vya wastani (gramu 300 kwa kilo ya nyama, chini ya hapo mchuzi utakuwa mwepesi) vikatwe vidogo kabisa. Vijiko 2 vya mafuta kwenye sufuria nzito, vitunguu viingie na chumvi kidogo, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Unataka ving'ae kama kioo na vilainike; vikianza kuwa kahawia umeshachelewa.

Hapa ndipo pa kuponea au kufia: toa sufuria motoni. Ndiyo, iweke kabisa pembeni. Mwaga paprika, koroga kama sekunde 10, tia maji nusu kikombe papo hapo, kisha rudisha. Paprika ina sukari nyingi na mafuta ya moto huiunguza mara moja. Ikiungua hugeuka rangi ya kutu na kuwa chungu, na hakuna dawa: si sukari, si nyanya. Mwaga uanze upya. Lakini usikimbilie kuitia kwenye maji kwa uoga, kwa sababu rangi yake huyeyuka kwenye mafuta. Ukiitia kwenye maji matupu utapata mchuzi wa machungwa uliopauka.

Nyama vipande vya sentimita 3, kisibiti kilichopondwa, vitunguu saumu. Funika, moto mdogo, iive kwa maji yake yenyewe. Ikikaribia kukauka ongeza maji kidogo, yasifunike nyama kamwe. Kila baada ya muda acha mchuzi ukauke mpaka usikie sauti ya kukaanga badala ya kuchemka, kisha tia maji tena. Wahungari wanaita *zsírjára sütni*, kuirudisha kwenye mafuta yake. Fanya hivyo mara tatu au nne, ndicho kinachotia uzito. Muundi unataka saa 2 na nusu hadi 3.

Hoho moja ndefu ya njano na nyanya moja wengi huweka. Daftari hili halina, usiweke.

#5 Sahani_Mbili

Mama umesahau unga wa kuzidishia mchuzi. Gulashi yoyote ya hotelini Ulaya ina unga.

#6 MamaLecso

Ya hotelini, ndiyo. Kwenye pörkölt uzito unatoka kwenye vitunguu vilivyoyeyuka na kano zilizolainika za muundi. Ukiona mtu anatia unga ujue aliogopa vitunguu au aliharakisha.

Tena umechanganya vyakula viwili. *Gulyás* kwa Wahungari ni supu. Neno lenyewe ni mchunga ng'ombe, kutokana na *gulya*, kundi la ng'ombe, na kilipikwa kwenye *bogrács*, sufuria la kuning'iniza juu ya moto. Kile kizito ambacho dunia inaita gulashi, wao ni pörkölt. Pörkölt ikitiwa krimu chachu inakuwa *paprikás*. Ukiagiza gulyás Szeged ukitegemea kula na wali, utaletewa bakuli na kijiko.

Gulyás huanza hivyohivyo: gramu 800 za nyama, vitunguu 2, paprika. Nyama ikikaribia kuiva unaongeza maji lita 2, karoti, mzizi wa parsley kama upo, viazi gramu 500. Viazi visiingie pamoja na nyanya nyingi mapema: asidi huvifanya vigome kulainika, utavichemsha saa nzima vikiwa bado vinagonga meno. Mwisho *csipetke*: yai 1, unga gramu 80 mpaka 100, chumvi, kanda uwe mgumu, nyofoa kwa vidole vipande kama ukucha, tumbukiza dakika 10 za mwisho.

#7 Ummu_Khaltum

Sisi Waislamu tunaweka nini badala ya hayo mafuta ya nguruwe? Na pirospaprika Mombasa ni ipi, ile pilipili nyekundu ya unga?

#8 Bogracha_Moto

Dada, mafuta ya alizeti. Wahungari wenyewe wanalima alizeti kwa wingi na majumbani wengi wameshahamia huko. Ukitaka ladha ya zamani, *libazsír*, mafuta ya bata bukini, ndiyo Wayahudi wa Hungaria walipikia. Samli inafaa lakini harufu yake inafunika paprika, iweke nusu kwa nusu na alizeti.

Pilipili nyekundu ya unga ya sokoni kwetu hapana. Vijiko viwili vyenye kilima vya ile ni kupeleka watu hospitali. Unataka iliyoandikwa *édes* au *édesnemes* au *csemege*, yaani isiyowasha. *Csípős* na *erős* ni za kuwasha. Sehemu mbili zenye jina ni Kalocsa na Szeged. (Szeged ndiko Szent-Györgyi Albert alikopata vitamini C kwa wingi ndani ya paprika, akapewa Nobel mwaka 1937.) Ukinunua, fungua uinuse: kama haina harufu na imeelekea rangi ya matofali, imezeeka. Mwanga na joto ndivyo vinavyoiua, na jikoni Pwani miezi mitatu inatosha kuimaliza. Iweke kwenye friji, chombo kifungwe barabara.

#9 Ummu_Khaltum

Shukran. Na krimu chachu? Mtindi wangu kila nikiutia kwenye paprikás ya kuku unakatika.

#10 MamaLecso

Unakatika kwa sababu mbili: mafuta ni machache na unautia ukiwa baridi kwenye mchuzi unaochemka. *Tejföl* ya kule ina mafuta asilimia 20. Chuja mtindi mzito kwenye kitambaa usiku kucha, changanya na krimu ya maziwa kiasi sawa. Kwa kuku mmoja: desilita 2 za mchanganyiko huo, kijiko 1 cha unga, upige mpaka kusiwe na madonge. Hii huitwa *habarás*. Teka upawa mmoja wa mchuzi wa moto uingize polepole *kwenye krimu*, ukikoroga. Upawa wa pili. Wa tatu. Ndipo umimine yote sufuriani, moto mdogo dakika 5. Unga ndio unaozuia maziwa kukatika, hivyo hapa unga una kazi yake halali. (Sahani_Mbili, hapa umeshinda.)

#11 Mjukuu_wa_Kassa

Nijibu la Jánosné, maana linafungua mlango mzima wa ukoo.

Wahungari wanaanza na jina la ukoo. Szabó János: Szabó ni ukoo (maana yake fundi cherehani), János ni jina lake. Mwanamke akiolewa kwa desturi ya zamani anachukua jina lote la mume na kuongeza -né. Kwa hiyo Szabó Jánosné ni "mke wa Szabó János". Jina lake mwenyewe limepotea kabisa hapo, kama anavyojulikana mtaani Mama Fulani na hakuna anayejua jina alilobatizwa.

Mnampataje? Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake yeyote. Humo mama huandikwa kwa jina lake la usichana. Kwenye kaburi au barua tafuteni *szül.* au *sz.*, kifupi cha "aliyezaliwa": Szabó Jánosné szül. Kovács Mária. Rejista ya vifo nayo huwa na wazazi wa marehemu.

Barua zikiwepo, mambo mawili. Kihungari hakina "he" na "she" za Waingereza. *Ő* ni yeye, mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Mfasiri wa mashine hubahatisha jinsia, na nimeona shangazi akigeuzwa mjomba hivyohivyo. La pili, ndugu wanapangwa kwa umri: *báty* kaka mkubwa, *öcs* mdogo wa kiume, *nővér* dada mkubwa, *húg* mdogo wa kike. Mswahili analielewa hilo mara moja, na ni ushahidi wa bure: mwandishi akimwita mtu *öcsém*, aliyeandikiwa ni mdogo kwake, hivyo mtafuteni kwenye rejista za miaka ya mbele. Ila *bácsi* na *néni* si lazima wawe ndugu wa damu. Mtoto humwita hivyo mtu mzima yeyote kwa heshima.

Majina ya kubembeleza: Pista ni István, Jóska ni József, Laci ni László, Gyuri ni György, Bözsi ni Erzsébet, Bandi ni András au Endre, Sanyi ni Sándor.

#12 Rejista1895

Naongeza la majina ya ukoo: Tóth, Horváth, Németh, Oláh zinamaanisha Mslavi, Mkroatia, Mjerumani, Mromania. Msirukie kusema "basi Katalin Tóth alikuwa Mslovakia". Babu mmoja karne mbili kabla huenda alitoka huko, au alikaa huko tu akarudi. Jina ni dokezo.

Mkikuta watoto wawili wa wazazi walewale wote Stephanus, fungueni rejista ya maziko: karibu kila mara wa kwanza alikufa na jina likapewa aliyefuata. Msiwaunganishe wawe mtu mmoja.

Tena angalieni wasimamizi wa ubatizo, *patrini*. Wanandoa walewale husimamia watoto wote wa nyumba moja, na hivyo mnaweza kutenganisha Joannes Szabo wawili wa kijiji kimoja. Uhusiano huo unaitwa *komaság*, na ulikuwa mzito: mama akijifungua, msimamizi alimpelekea chakula kwenye chombo kinachoitwa *komatál*, supu ya kuku ikiwemo.

#13 Ramani_ya_Zamani

Ujfalu. Wakuu, hilo ni "kijiji kipya", na ufalme wa zamani ulikuwa nayo mengi kupindukia. Mpaka sheria ya majina ya vijiji ya 1898 ndipo serikali ilipotaka kila kijiji kiwe na jina lake peke yake, hivyo miaka iliyofuata vijiji vingi vikabandikwa viambishi vya mto, mlima au wilaya. Maana yake jina la 1843 na jina la kitabu cha vijiji cha 1913 yanaweza yasifanane.

Ningefanya hivi. Kwanza mkoa (*vármegye*). Nagyvárad ilikuwa makao ya mkoa wa Bihar, hivyo naanzia Bihar, na hapo Berettyóújfalu inajitokeza mara moja. Msisimame hapo. Eneo lile lilijaa Waprotestanti wa Kikalvini, na mstari wenu ni RC. Vijiji vingi havikuwa na parokia ya Kikatoliki. Waumini wachache waliandikwa kwenye parokia mama ya kijiji jirani, chao kikiitwa *filia*. Kitabu cha vijiji cha Dvorzsák cha 1877 kinaonyesha kila kijiji kina waumini wa dhehebu gani na parokia yao iko wapi. Hicho ndicho cha kufungua kabla ya kuvinjari picha elfu tatu za rejista isiyo yenu.

Kisha ramani. Upimaji wa kijeshi wa Dola ya Habsburg ulifanyika mara tatu, wa kwanza 1763 hadi 1787, wa pili 1806 hadi 1869, wa tatu 1869 hadi 1887, na zote zimewekwa mtandaoni juu ya ramani ya leo kwenye Arcanum Maps. Chukua wa pili, unakaa vizuri na 1843. Utaona kanisa lenye msalaba liko kijiji kipi.

Halafu mpaka. Mkataba wa Trianon, 4 Juni 1920, ulikata karibu theluthi mbili za eneo la ufalme. Nagyvárad sasa ni Oradea, Romania. Kolozsvár ni Cluj-Napoca, Kassa ni Košice na Pozsony ni Bratislava za Slovakia, Szabadka ni Subotica ya Serbia, Ungvár ni Uzhhorod ya Ukraine. Bihar iligawanyika: sehemu kubwa Romania, kipande kilichobaki Hungaria makao yake yakahamia Berettyóújfalu. Kwa hiyo bibi mmoja na babu mmoja wa mkoa mmoja, rejista zao leo ziko nchi mbili.

#14 Mtu_wa_Pwani

Naomba kuuliza nje ya mada, Wahungari na sisi wapi na wapi?

#15 Ramani_ya_Zamani

Si nje ya mada sana. Teleki Sámuel, aliyefika Ziwa Turkana Machi 1888 pamoja na Ludwig von Höhnel na kuliita Rudolf, alikuwa Mhungari, na msafara wake ulibebwa na wapagazi wa Pwani yetu. Alizaliwa Sáromberk, leo Dumbrăvioara ya Romania. Kittenberger Kálmán, mwindaji aliyekusanya wanyama wa Afrika Mashariki kwa ajili ya makumbusho ya Budapest, alizaliwa Léva, leo Levice ya Slovakia. Ukitafuta rejista za kuzaliwa za wote wawili kwenye nyaraka za Hungaria ya leo peke yake utarudi mikono mitupu. Mnaona mpaka unavyofanya?

#16 Rejista1895

Swali la mwisho la mleta uzi, mnaenda wapi.

Usajili wa serikali ulianza 1 Oktoba 1895. Kabla ya hapo ni makanisa na masinagogi. Kwa Hungaria ya leo, tovuti ya ukoo ya FamilySearch ina picha za rejista za serikali kuanzia 1895, na za makanisa mpaka 1895. Akaunti ni bure, ila baadhi ya picha hufunguka ukiwa kwenye vituo vyao tu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1820 makanisa yalitakiwa kupeleka nakala ya pili kwenye kumbukumbu za mkoa, kwa hiyo kitabu cha parokia kikiwa kimeungua, ulizieni nakala.

Kabla ya rejista, au zikiwa na mapengo, kuna hesabu za walipa kodi za 1715, 1720 na 1828 kwenye hazina za mtandaoni za Magyar Nemzeti Levéltár (Kumbukumbu za Taifa za Hungaria), na tovuti ya Hungaricana. Hizo zina jina la mwenye nyumba tu, wake na watoto hawamo.

Kwa nyaraka zenye taarifa binafsi, kanuni ya jumla ya kumbukumbu za Hungaria ni miaka 30 baada ya kifo. Kama kifo hakijulikani, 90 baada ya kuzaliwa. Kama hata hiyo haijulikani, 60 tangu waraka uandikwe. Ndani ya muda huo ombeni kama wazao, na vyeti vya kuthibitisha mnyororo mzima mkononi. Kwa upande wa Oradea andikeni kwa tawi la Bihor la Kumbukumbu za Taifa za Romania, kwa Kiromania, mtaje majina yote mawili ya mji.

Na kama kuna aliyehamia Marekani: orodha za abiria za Hamburg za 1850 hadi 1934 zipo, za Bremen nyingi zimepotea. Kuanzia kama 1907 orodha za kuingia Marekani zina jina la ndugu aliyebaki nyumbani na kijiji chake. Someni pia safu ya taifa na safu ya kabila kando kando: "Hungary" kwenye ya kwanza na "Slovak" kwenye ya pili ni kawaida tu.

#17 Bogracha_Moto

Na galuska, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vinavyoliwa na pörkölt, mmeisahau jamani. Unga gramu 400, mayai 2, chumvi kijiko kidogo, maji kama desilita 2.5, ongeza kidogo kidogo. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, basi. Ukiendelea kupiga utaamsha gluteni na utakula mpira. Uwe mzito kuliko uji, mwepesi kuliko unga wa chapati. Maji lita 3 yenye chumvi yachemke kwa nguvu, sukuma unga kwenye chekeche yenye matundu makubwa juu ya sufuria. Zikielea hesabu dakika 2, opoa, zungushia mafuta kidogo zisishikane.

#18 Kurasa_Kuukuu

Wakuu nimeshiba kabla ya kupika. Kuna mawili yamebaki: ile penseli ya *hús 2 pengő* ni bei ya nyama, hilo tumeelewa. Inasaidia chochote? Na kwenye faharasa ya rejista tumetafuta Szabó kwenye S hatumwoni.

#19 Mjukuu_wa_Kassa

Inasaidia kuliko ukurasa wote. Pengő ilitumika Hungaria 1927 mpaka 1946. Kabla yake ilikuwa korona, baada yake forint tangu 1 Agosti 1946. (*Fillér* isikudanganye, ilikuwepo kwenye zote tatu.) Lakini Nagyvárad tangu Trianon ilikuwa Romania, na nyama ingenunuliwa kwa lei. Ilirudi Hungaria kwa uamuzi wa Vienna wa 30 Agosti 1940, ikatoka tena vita vilipoipita vuli ya 1944. Kama aliandika akiwa anaishi hapo, ukurasa huo ni wa 1940 hadi 1944. Angalieni pia sukari imeandikwaje kwenye kurasa nyingine: *czukor* kwa cz ni mkono wa mtu aliyesoma shule tahajia ya zamani, *cukor* ni ya baadaye. Hapo mtakisia na umri wake.

#20 Rejista1895

Szabó: kwa Kihungari *sz* ni herufi kamili peke yake, inakuja baada ya S yote. Piteni Sipos, Soós, Sükösd, kisha ndipo Sz inaanza, mara nyingi ukurasa mpya. Vivyo hivyo Cs baada ya C yote, Gy baada ya G, Ny baada ya N, Zs mwisho kabisa. Na kwa kuwa yenu ni ya 1843, kama faharasa iliandikwa na padri mwenyewe, jaribuni pia *Sabo* na *Szabo* bila alama. Huenda aliipanga kwa jina la ubatizo: basi mko kwenye kitabu sahihi, mtafuteni chini ya Stephanus.